Saa ya leza ya kupima sukari bila kudunga kidole: ni kweli ama twauziwa mbuzi guniani?

Abu_Swaleh_Kisauni (saa 2:14 usiku)
Asalaam aleykum wanajamvi. Ndugu yangu kamnunulia mama saa ya mkononi, alfu tatu na mia tano, muuzaji kamwambia ina leza yapima sukari, presha na oksijeni bila kudunga. Mama ana kisukari mwaka wa kumi na moja huu na ncha za vidole vyake zishakuwa ngumu kama kisigino kwa kudungwa, kwa hivo saa hiyo aliipenda toka siku ya kwanza, halali bila nayo. Sasa Jumamosi baada ya mahamri na mbaazi saa ikasema 6.1 (milimoli kwa lita). Nikamsihi mpaka akanipa kidole, mashine ya stripu, ile ya kutia tone la damu, ikasema 13.4. Kidole cha pili 13.1. Natizama saa tena, 6.0. Mama aniambia mashine yako ndiyo mbovu, imeanguka mara ngapi hiyo. Naomba wenye ujuzi: ipo kweli leza inayopima sukari kwa juu ya ngozi? Na kama ipo, ndiyo hii?

FundiZuberi (saa 2:31 usiku)
Wa aleykum salaam. Aina hiyo nimefungua kama tano mezani kwangu, watu waniletea kwa sababu ya chaji. Ukiondoa kile kioo cha mgongoni wakuta taa mbili za kijani, moja nyekundu, na kijicho cheusi katikati cha kupokea mwanga. Basi. Leza hamna. Kijani chanyonywa na damu, mshipa ukijaa mwanga unaorudi wapungua, ukitulia waongezeka, hapo ndipo yapata mapigo ya moyo. Mapigo yapima sawa tu. Sukari sijui waitoa wapi.

Kahawa_Tungu (saa 2:40 usiku)
Mwanzo wa yote mjiulize nani afaidika nyinyi mkidungwa. Kopo la stripu hamsini waacha pale pesa ya unga wa wiki. Teknolojia ipo zamani, kampuni za stripu ndizo zinaikalia.

Siti_wa_Maabara (saa 3:05 usiku)
Kaka Abu pole, na mpe mama salamu. Mimi nafanya kazi maabara, nitakueleza kwa kijiko cha chai. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Sukari ikiwa 5.5 ni gramu moja hivi kwa kila lita, yaani damu yako yote, toka utosini mpaka unyayoni, ina kijiko kimoja cha sukari. Kimoja! Mama akiwa 13.4 ni vijiko viwili na nusu hivi. Sasa lita hiyo hiyo moja ina gramu 130 mpaka 150 za hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, ina protini nyengine, ina mafuta, na maji ndiyo yamejaa, na juu ya yote kuna ngozi na jasho. Mwanga ukiingia na kutoka umeguswa na vyote hivo, na wewe wataka uchambue kile kijiko kimoja. Si kwamba haiwezekani, lakini kwa taa mbili za kijani haiwezekani, kijani hakina habari na sukari kabisa.

Na msinambie ni maneno yangu. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuwa watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, wakati ule walikuwa hawajaidhinisha hata moja.

Kahawa_Tungu (saa 3:11 usiku)
@Siti_wa_Maabara ndiyo nnayosema, FDA wao ndio wenye kampuni.

Siti_wa_Maabara (saa 3:13 usiku)
Yakhe, mama wa mtu atadunga insulini kwa namba ya saa. Saa ikisema kumi na nne na kumbe ana nne, azimia. Tuliache la kampuni kwanza.

Mwalimu_Shabani (saa 3:52 usiku)
Dada Siti kasema kweli lakini nataka kumjibu Abu swali lake la kwanza, maana kauliza kama ipo. Ipo, ila si ile ya mkononi. Yaitwa spektroskopia ya Raman, yaani kukitambua kitu kwa rangi za mwanga unaorudi kutoka kwake, na mwanzo wake hakukuwa na leza kabisa. C.V. Raman alikuwa Mhindi, mwaka 1921 akirudi kwao kutoka Ulaya kwa meli akaikodolea macho bahari akajiuliza ubuluu huu watoka wapi, maana wakati ule wengi walisema bahari ni buluu kwa kuwa yaakisi mbingu. Sisi tumekaa ufukweni Mama Ngina miaka na miaka twala muhogo wa kuchoma na bahari iko mbele yetu, hakuna aliyeuliza! Yeye akaliandama swali lile mpaka 1928 kule Kolkata akaonyesha kuwa mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo sana hurudi na rangi iliyobadilika kidogo, na badiliko hilo lategemea molekuli yenyewe inavyotikisika. 1930 akapewa tuzo ya Nobel.

Fikirieni ngoma mbili, chapuo na vumi. Ukizipiga gizani huoni kitu lakini wajua hii chapuo hii vumi, kwa sauti. Sukari nayo ina mlio wake, hemoglobini wake, mafuta yake. Shida ni kuwa katika chembe kama milioni kumi za mwanga, moja tu ndiyo hurudi na habari hiyo. Ndiyo maana kazi ilipata nguvu baada ya leza kuja, leza ni mwanga wa rangi moja tu, mkali, hata yule mmoja katika milioni kumi waweza kumpata. Kwa sukari, 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani waliweza kuuona mlio wa sukari wenyewe kupitia ngozi ya mnyama hai, nguruwe, lakini mtambo wao si wa kuvaa mkononi.

MtuWaBara (saa 4:20 usiku)
Enyewe hii uzi ni moto. Kwa hivyo Raman ndiye alivumbua leza?

Mwalimu_Shabani (saa 4:26 usiku)
Hapana ndugu yangu. Leza ya kwanza iliwaka 1960, Theodore Maiman, California, kwa fimbo ya rubi. Raman alianza na mwanga wa jua, halafu taa ya zebaki.

Nesi_Mwanaisha (saa 11:48 alfajiri)
Nimetoka zamu ya usiku, nasema langu nilale. Mwaongea sukari lakini hata oksijeni, ambayo kipimo chake ni cha kweli na chatumika wodini kila siku, ina mambo yake. Kile kibanio cha kidole kina mwanga mwekundu wa nanomita 660 na mwengine usioonekana wa 940. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo zanyonya mianga hiyo kwa viwango tofauti, mashine yapiga hesabu. Aliyelipata wazo hilo ni Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Usiku mmoja tuliletewa bi harusi wa jana yake, pumu imembana, mikono piko tupu, maua mpaka ndani ya kucha, meusi. Kibanio mara chasoma 84, mara chatoa vistari tu. Mama mkwe kashaanza kulia. Nikachukua kile kipimo cha sikio nikakibana kwenye ndewe, 97. Hina nyekundu haijanisumbua hivo, piko ndilo. Basi kama wanja wa kidoleni waweza kumchafua mtu hesabu hivo, rangi ya ngozi nayo je? 2020 madaktari Marekani waliandika kuwa kwa wagonjwa weusi kibanio kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa wazungu. Pengine saa ya mama imepimiwa wazungu, hapa yachanganyikiwa. Mimi naona sababu ni hiyo.

FundiZuberi (saa 1:30 asubuhi)
Dada Mwanaisha heshima zako lakini hapo sikubali. Rangi ya ngozi ingeivuta namba upande mmoja, lakini bado ingepanda na kushuka sukari ikibadilika. Saa ya mama wa Abu haipandi haishuki, imekaa 6 tu. Hiyo namba yatungwa. Zile nilizofungua, ukiwasha mara ya kwanza programu yake yakuuliza umri, uzito, na kama una kisukari. Kwa nini iulize kama yaweza kuona?

Siti_wa_Maabara (saa 1:44 asubuhi)
Na kibanio kile si leza jamani, ni taa ndogo za LED, tusichanganye.

Mzee_Bakari_Makupa (saa 3:10 asubuhi)
Wanangu hamjambo. Leza ya kupima mimi nimeipitia, jicho langu la kushoto. Nilikuwa naona mistari ya gazeti imepinda, daktari akaniambia kisukari kimeingia machoni, nikapige picha ya leza. Waweka kidevu kwenye kijisahani, paji la uso laegemea ukanda, waambiwa tizama msalaba wa kijani usipepese. Mstari mwekundu wapita, sekunde chache, kwisha. Hakuna dawa wala kuguswa. Halafu akanionyesha kwenye kioo nyuma ya jicho langu, tabaka juu ya tabaka kama chapati ukiichana, na katikati pameumuka, pana uwazi mweusi. Akaniambia hayo ni maji, mishipa imevuja. Nilishangaa sana. Kitu chembamba vile ndani ya jicho na mtu ameketi kando ahesabu tabaka zake.

Mwalimu_Shabani (saa 3:35 asubuhi)
Shikamoo mzee, pole na jicho. Hiyo yaitwa OCT, ilitangazwa 1991 na watafiti wa MIT na wenzao. Yafanya kama altrasaundi ila kwa mwanga badala ya sauti, tabaka la unene wa maikromita tano hivi laonekana. Lakini mzee, mashine nyingi za OCT za macho hazitumii leza, zatumia taa maalum ya nanomita 840 hivi yenye rangi nyingi kidogo, na kwa OCT rangi nyingi ndizo zinazotakiwa ili tabaka zitenganike. Zipo mpya zenye leza inayobadilisha rangi kwa kasi sana, karibu na 1050.

Mzee_Bakari_Makupa (saa 3:50 asubuhi)
Marahaba. Mimi niliambiwa leza, na joto nililisikia!

Nesi_Mwanaisha (saa 9:15 alasiri)
Mzee nahisi wachanganya siku mbili. Ya picha haina joto. Ya joto ni ile ya kutibu, leza yachoma sehemu zinazovuja au mishipa mibaya. Ulifanyiwa zote mbili?

Mzee_Bakari_Makupa (saa 9:40 alasiri)
Kweli binti yangu, ya pili ilikuwa baada ya Ramadhani. Umenikumbusha.

Kahawa_Tungu (saa 9:52 alasiri)
Sasa mwalimu, OCT ni spektroskopia ama si spektroskopia? Maana mada ilikuwa ni kusoma milio ya molekuli, sasa tumeingia kwenye chapati.

Mwalimu_Shabani (saa 10:20 alasiri)
Swali zuri. Ndani ya zile za 840 mna spektromita kamili, mwanga unaorudi wapasuliwa rangi kwa rangi, na kutokana na hizo rangi ndipo kina kinapigiwa hesabu. Kwa hivo mimi nasema imo.

Siti_wa_Maabara (saa 10:31 alasiri)
Mimi nasema haimo. Yakwambia kitu kiko wapi, haikwambii kitu hicho ni nini.

Dada_Rukia_Bamburi (saa 12:05 jioni)
Nimekuwa nasoma kimya kimya. Khalati yangu alikuwa na uvimbe titini, akakatwa kinyama, kikapelekwa, tukangoja wiki tano. Wiki tano za kila simu ikilia moyo waruka. Nisamehe kama swali langu ni la kijinga, hiyo leza ya mwalimu haiwezi kuwekwa juu ya uvimbe ikasema palepale ni saratani ama si saratani?

Mwalimu_Shabani (saa 1:17 usiku)
Si swali la kijinga dada, ndilo watu wanalolifia usiku na mchana. Jibu la leo ni nusu ndiyo. Kwa ubongo, 2020 Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao walichukua wagonjwa 278 walio mezani wapasuliwa. Kinyama kikitolewa kinawekwa chini ya leza mbili, hizo zaitikisa molekuli kwa pamoja mlio wake uwe mkubwa, picha yatoka kama ile ya rangi za maabara bila kupaka rangi yoyote, kompyuta yaisoma. Chini ya dakika mbili na nusu. Kwa njia ya kawaida, kugandisha na kukata kwa wembe wa maabara, ni dakika ishirini mpaka thelathini. Na usahihi wa kompyuta ulikaa sawa na wa madaktari wa patholojia.

Lakini tizama, kinyama bado kimekatwa. Kuweka juu ya ngozi na kujua kilicho sentimita mbili ndani ni kazi nyengine, tishu yautawanya mwanga. Titi ni kama glasi ya maziwa, washa tochi upande huu, upande wa pili waona wekundu tu bila umbo. Kuna njia ya kuizunguka: wapiga leza kwa mpigo mfupi sana, damu ndani yapata joto kidogo mno, yatanuka, yatoa sauti, na sauti waisikiliza kwa altrasaundi. Mwanga waingia, sauti yatoka. Bell yule wa simu alilisikia jambo hili 1880.

Dada_Rukia_Bamburi (saa 1:25 usiku)
Ahsante mwalimu. Khalati majibu yalitoka salama, alhamdulillah. Lakini wiki zile sizisahau.

Siti_wa_Maabara (saa 1:50 usiku)
Dada Rukia nakuelewa. Nataka niseme, mara nyingi kinyama chenyewe hakikai wiki tano. Kusindika, kukata na kupaka rangi ni siku chache. Kinachokaa ni foleni, na daktari wa kukisoma, kwani hao ni wachache. Leza haitaondoa foleni kama hakuna mtu wa kuiendesha.

Na mwengine asije akasema leza ya vipimo haijafika Pwani. Ukipimwa hemogramu kamili, ile hesabu ya chembe za damu, kwenye mashine zile kubwa zinazogawa chembe nyeupe aina tano, nyingi zatumia leza. Wanaopimwa CD4, zile chembe za kinga, vilevile. Chembe zapangwa zapita moja moja mbele ya leza kama watu wanavyopita getini kwa feri ya Likoni, na kila mmoja mwanga wamgonga, wajulikana kwa ukubwa na kwa alama aliyowekewa. Maelfu kwa muda mfupi. Watu wengi humu leza ishawapitia kwenye damu na hawajui.

MtuWaBara (saa 2:22 usiku)
Na malaria? Niliskia Tanzania, Ifakara, wanapima malaria na leza bila damu.

Siti_wa_Maabara (saa 2:37 usiku)
Umesikia nusu. Ifakara 2019 walichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, wakayamulika kwa infraredi, mwanga usioonekana, kompyuta ikajifunza kutenganisha yenye vimelea na yasiyo navyo. Damu ilikuwepo, na leza haikuwepo. Kazi ni nzuri sana na ni ya jirani zetu, ndiyo maana nataka isemwe vizuri.

FundiZuberi (saa 2:45 usiku)
@Abu_Swaleh_Kisauni umepotea wapi na mada yako? Fanya hivi. Mvue mama saa dakika tano, ifunge kwenye muhogo mbichi, bonyeza kipimo cha sukari. Tuletee namba.

Kahawa_Tungu (saa 2:48 usiku)
Na mimi nina langu kwa Abu. Mama alikuwa ala mahamri kwa mkono. Alinawa kabla ya kudungwa? Sukari ya kidoleni yaingia kwenye tone la damu, namba yaruka. Pengine saa ndiyo kweli na stripu ndiyo imelishwa mahamri.

Nesi_Mwanaisha (saa 2:59 usiku)
Kahawa Tungu leo umesema neno la kitabibu, wallahi. Ni kweli hilo hutokea. Abu, anawe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akauke kabisa. Na mama adungwe ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, katikati ndipo penye maumivu mengi, na azungushe vidole, asirudie kimoja kila siku.

Abu_Swaleh_Kisauni (siku ya pili, saa 3:40 usiku)
Nimerudi, samahani, nilikuwa safari ya Malindi. Ahsanteni nyote, uzi nimemsomea mama wote, dada Siti amempenda, kile kijiko amekiomba kwa mikono yake akakitia sukari akakiangalia muda mrefu.

Tumefanya yote. Kwanza kunawa. Saa mbili baada ya chakula, mikono safi, ubavuni mwa kidole kama alivyosema dada Mwanaisha, mama akasema hata sikuisikia sindano. Stripu 11.8. Saa 6.2.

Halafu muhogo. Nimeufunga pale penye unene, nikabana mkanda tundu la mwisho. Taa za kijani zikawaka juu ya ganda, ikazunguka zunguka kama sekunde arubaini, sote tumeinama juu ya meza, watoto nao. Mapigo ya moyo 71. Oksijeni 98. Sukari 5.8.

Mama amekaa kimya. Halafu akasema, basi mimi na muhogo tu sawa.

Mzee_Bakari_Makupa (saa 3:51 usiku)
Subhanallah.

FundiZuberi (saa 3:55 usiku)
Nilisema yatungwa. Umri na uzito uliomwandikia ndio umehama naye mpaka kwenye muhogo.

Nesi_Mwanaisha (saa 4:02 usiku)
Muhogo una unyevu na wautawanya mwanga kama nyama, haushangazi kuwa kijicho kilipata kitu. Bado nasema jaribu kwa mtu mweupe vilevile, mtapata tofauti.

Kahawa_Tungu (saa 4:10 usiku)
Haya, la mahamri nimeliondoa. Lakini mbona Abu uliniambia kando kuwa alfajiri saa na stripu zalingana? 6.3 kwa 6.6. Kama yatunga, yatunga kwa bahati gani?

Siti_wa_Maabara (saa 4:16 usiku)
Namba ikikaa daima kati ya 5.8 na 6.3, na mama alfajiri kabla ya chai akawa 6 na kitu, si lazima zikutane? Saa iliyokufa nayo mara mbili kwa siku yasema kweli.

Kahawa_Tungu (saa 4:19 usiku)
Ama yakumbuka. Abu uliwahi kuiandikia namba za kidole kwenye simu?

Abu_Swaleh_Kisauni (saa 4:30 usiku)
Ndugu yangu ndiye aliyeiandaa, nitamuuliza. Basi nafanya hivi, wiki nzima naandika mara tatu kwa siku, kidole na saa, nitaweka hapa. Mama amekubali kidole maadamu ni ubavuni. Saa hataki kuivua, asema ina kengele ya alfajiri. Na mzee Bakari, umenitia wasiwasi na hayo macho, mama mistari ya msahafu asema yamchezea, nikadhani ni miwani. Ile picha ya jicho nampeleka wiki hii.

Mzee_Bakari_Makupa (saa 4:41 usiku)
Mpeleke mwanangu usichelewe. Na usiende naye kwa pikipiki, watamtia dawa ya kupanua mboni, jua litamuumiza akitoka.

Abu_Swaleh_Kisauni (siku ya tatu, saa 12:20 asubuhi)
Alfajiri, mikono safi. Kidole 7.9. Saa 6.1.